Mkono Wangu na Kisahani

Juzi pale Mikumi nilimwona mjukuu wangu akirusha kisahani cha plastiki, miguu kaipanua, uzito wote ukitoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Nikakereka, wala si kwa sababu yake.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja wa kujifunza kurusha kisahani, uwanja wa shule yetu Rudewa ulinuka makapi ya mkonge. Mwalimu aliniambia, "Panua miguu, egemea nyuma, ndipo urushe." Nikapanua.

Bibi alikuwa akipita na jembe, akitoka shamba la ujamaa. "We Zena, bana miguu. Mtoto wa kike wewe."

Mwalimu akawageukia wavulana. Nikabana, nikarusha, nikapepesuka, kisahani kikadondoka karibu na vidole vyangu. Wavulana wakacheka.

Jioni nzima nilinyanyua mawe ili mkono upate nguvu. Mkono wenyewe ulikuwa mzima kabisa.