Macho Aliyoyasoma Mkalimani

Tulimwita Mkalimani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Hakuwa mwalimu, jamani. Alikuwa msaidizi katika darasa langu la watoto wenye ulemavu: kupangusa mate, kubadilisha nepi, kusukuma viti vya magurudumu.

Jina alilipata kwa binti mmoja asiyesema wala kuinua mkono. Miaka sita Mkalimani alimwinulia kadi mbili za majibu, moja kushoto na moja kulia, akafuata macho yake, kisha akatangaza, "Anasema hii, mwalimu!" Tisini kwa mia kila muhula. Mimi natia sahihi, kifua mbele.

Mwaka wa mtihani wa mwisho mkaguzi akaja na sharti: majibu ya kupitia mdomo wa mtu hayakubaliki. Binti atumie kompyuta yenye akili bandia, inayosoma macho na kumsemea. Kwanza afanye jaribio. Asipopata nusu, hafanyi mtihani mwaka huu.

"Mashine imjue mtoto kuliko mimi? Thubutu!" Mkalimani alinuna wiki nzima. Lakini ndiye aliyekaa na binti kila asubuhi mpaka mashine ikamzoea, ikajua hata kwamba jicho la kushoto hulegea akichoka. Nikamtania, "Unamfunza kazi mke mwenzio." Akanisonya.

Siku ya jaribio akaambiwa asubiri nje. Maswali thelathini ya hesabu. Binti alipata alama kumi na moja.

"Imekosea hiyo!" Mkalimani alifoka alipoitwa ndani. Mkaguzi hakubishana. Alichukua kadi zilezile za Mkalimani, akazigeuza ili maandishi yamwelekee binti peke yake, Mkalimani asiyaone, akarudia maswali matano. Mkalimani akasoma macho: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia. Kadi zilipogeuzwa tena, majibu yalikuwa yaleyale ya mashine. Manne si sahihi.

Alikaa chini kwenye sakafu. "Kumbe nilikuwa najijibu mwenyewe?"

Hakuwa mwongo, nakula yamini. Alitamani mtoto apatie, basi akaona amepatia. Mimi je, mwalimu mzima mwenye cheti? Alama nzuri zilinipa usingizi mtamu, nisifundishe upya hata somo moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mkaguzi aliandika: arudi mwakani. Mkalimani akakumbatia miguu ya binti, analia kwa sauti. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia."

Macho ya binti yakaenda kwenye kioo cha kompyuta. Mashine ikampendekezea maneno: *usilie*, *asante*, *nimechoka*. Akayaruka yote. Alichagua herufi moja moja, jasho likimtoka, na Mkalimani, kwa mara ya kwanza, alifunga mdomo akangoja. Tulingoja sana. Kisha mashine ikasema:

"Kumi na moja ni zangu. Mwalimu, nifundishe."