Mutaro ya Kapolowe

Asubuhi ile Rosalie, bibi yangu wa ndoa, alikuwa anapuliza chai yake, karte, ile ramani ya kazi yake, juu ya meza. Zamani alikuwa mtu wa telefone kule kazini Panda, hapa Likasi, anaunganisha wenye kuongea. Uzeeni watu wa chuo kikuu wakamchukua. Wanataka kujua kamba za internet zinapita wapi katika Katanga yetu. Wanachora zote, halafu ndani ya ordinatere, kompyuta yao, wanakata moja kwa kujaribu tu, waone mji gani utabaki kimya.

"Tukikata kamba ya kwanza, Likasi haizimi," akasema. "Ya pili inabakia. Ile ya mutaro wenu na Osée, mwenzako wa kuchimba, kule Kapolowe."

Minye nikacheka. Nilicheka, Mungu wangu.

"Mama Estelle, ya pili iko wapi? Tulichimba mutaro moja tu. Kamba zote mbili zinalala mule, kama bwana na bibi."

Akaweka kikombe chini.

"Baba Estelle. Uliniambia mbili."

"Ni kapita, musimamizi wetu. Mawe ya mutaro wa pili ilimushinda, akasema: mukiulizwa, museme mbili. Tukatia kidole kwa karatasi yake."

"Na minye niliwaapia wale batoto ya université. Kwa kinywa yako."

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya. Alikunja karte, akavaa viatu, akaenda. Hakusema "bakia muzuri".

Saa sita Osée alikuja mbio. Rosalie ameanguka kule ofisini kwa wale wa chuo kikuu, Panda. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika na kitenge cha mtu mwingine. Nilimuuliza Osée mara tatu: yule ni nani?

Mpaka leo mwili wangu haujaamini. Estelle, binti yetu, ndiye anaandika haya. Minye nasema tu.

Kwenye kilio watu walijaa kiwanja. Waliimba, walikula, walicheza karata. Minye nilikuwa na neno moja tu tumboni: alisema nini juu yangu mbele ya wale watu? Kama alikufa ananiita mwongo? Sikulia. Estelle aliogopa.

Siku ya tatu akaja Mélanie, mkubwa wa ile kazi ya kamba, msichana wa umri wa Estelle. Akapiga magoti.

"Papa, pole. Tulifuta mustari moja kwenye karte vile Mama alisema. Tukajaribu tena kukata mule ndani ya mashine: Likasi yote ikazima, na mji wa Kakanda. Kazi ya mwaka mzima, tunaianza upya."



"Na kosa? Aliwaambia ni ya nani?"

Akanitazama. Niliona hajui kitu. Akayasema maneno ya Rosalie vile aliyasikia, kabla hajaishika meza na kuanguka:

"Bwana yangu aliniambia mutaro moja tangu zamani. Ni minye nilisikia mubaya."