Wifi Aliyemkaribisha Kambare

Wifi yangu si mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi anaitika. Ukimsalimia tena mchana anakuangalia kama umesahau kwamba mlishamalizana. Ni mjane wa kaka yangu mdogo. Alichoachiwa ni vyumba viwili na bwawa la samaki nyuma ya nyumba, upande mmoja maji ya kifuani, upande wa pili ya magotini. Samaki ndio kazi yake, hana nyingine.

Jirani yake ni kaka yetu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti. Mageti yamemzidi, yamelala mpaka chini ya dirisha la jikoni kwa wifi. Alianza polepole: shemeji, hili bwawa linazaa mbu, shemeji, hili bwawa siku moja litameza mtoto wa watu. Mwisho akasema waziwazi mbele ya mama yetu kwamba ardhi ni ya familia, na bwawa lifukiwe apate pa kuweka kazi zake. Mama hapendi kelele watu wakiwa wanakula. Akakata shauri pale pale: wangoje mavuno yanayokuja. Wakitoka samaki wa kueleweka, bwawa libaki. Wakitoka kama wale wa mwaka jana, lifukiwe, na wifi asimnunie mtu.

Wale wa mwaka jana, jamani. Perege wa kutia mdomoni na kichwa na mkia kwa pamoja, halafu unauliza chakula kiko wapi.

Si kwamba walikuwa wachache. Ukitupa pumba, bwawa zima linachemka midomo. Wifi aliona midomo akadhani ni njaa, akaongeza pumba. Perege akila anazaa. Jike huyaatamia mayai kinywani mwake, na akishawatema watoto hachelewi kubeba wengine. Wale watoto wanataka pumba ile ile anayoitaka mama yao, kwenye maji yale yale. Kwa hiyo kila alipoongeza chakula aliongeza walaji, na wote wakabaki vidole.

Akamwita bwana samaki, yule afisa anayezunguka na pikipiki kukagua mabwawa ya watu. Alivuta wavu mara moja tu. Akasema chakula kipo cha kutosha, tatizo ni ukoo mmoja kubanana kwenye sahani moja. Apunguze perege, abakize wenye ukubwa wa kiganja, kisha atie kambare wachache, wadogo kama kidole. Kambare anakaa chini kwenye tope, atakula vitoto vya perege vinavyozidi. Perege mkubwa, kambare mdogo hatamweza.

Wifi akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. “Yaani nimlee mwizi ndani, nimpe na chumba?”

Bwana samaki akamjibu kwamba wezi anao siku nyingi, akae ukingoni awatazame. Akawasha pikipiki yake akaenda.

Wifi alikaa kweli. Akageuza ndoo, akaketi, na mimi nikaketi naye kwa kuwa sina haraka ya kwenda kuosha vyombo. Kulikuwa na mdiria, yule ndege mvuvi, mweusi kwa mweupe, anapepea hewani katikati ya bwawa kisha anajitupa majini kama jiwe. Mdiria mwingine, mdogo wa buluu, alikaa kwenye matete ya ukingoni na kudokoa vitoto vya karibu, katikati hakusogea. Kwenye maji ya magotini alisimama kulasitara, yule ndege wa kijivu wa miguu mirefu, anawachukua wanaopita pale alipo. Nilingoja wapigane. Hawakupigana. Kila mmoja alikula upande wake, hata kutazamana hawakutazamana.

Kisha akatua kulasitara wa pili. Yule wa kwanza alimkimbiza mpaka nje ya ukuta, mbawa wazi, shingo mbele, kelele kama geti bovu.

“Unaona,” wifi akasema. “Kwa mdiria hana neno. Ugomvi wake ni na mwenzake.”

Nikamwambia ndiyo maana mimi na yeye tunapatana: kuongea kote ananiachia mimi. Hakucheka. Alikuwa anatazama chini, kwenye tope, mahali ambapo hakuna ndege aliyefika.

Wiki ile ile alipunguza perege, akaenda kununua kambare wadogo, akawatia majini kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Kaka akapata la kusema. Alisema shemeji ameajiri majambazi walinde benki. Hakuishia kwenye maneno: alileta kifusi akakimwaga ukingoni, ili siku ya mavuno ikifika asipoteze muda. Wifi alikuwa akitoka na pumba asubuhi anakizunguka kile kifusi bila kukiangalia.

Miezi ikapita, na maji yakanyamaza. Akitupa pumba, hachemki mtu. Midomo michache inatokea, inakula, inazama. Hapo wifi aliogopa. Hakusema anaogopa, lakini alianza kuja kwangu kuomba chumvi wakati chumvi anayo. Aliamini kambare wamemaliza wote, na kwamba bwawa lake amelifukia kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kifusi.

Mwishowe akatia mnyoo kwenye ndoana, akamvua kambare mmoja, akampasua juu ya ubao wa jikoni. Tuliinama wote wawili. Tumboni mlikuwa na vitoto vya perege, wadudu wa majini, konokono na tope. Gamba kubwa hata moja halikuwemo. Wifi akanawa mikono, akamtia yule kambare sufuriani.

“Ana adabu yake,” akasema. Chumvi hakuja kuomba tena.

Siku ya mavuno maji yalifunguliwa. Mama aliletewa kiti. Kaka alikuja amevaa buti na koleo mkononi, amesimama karibu na kifusi chake kama mtu anayelinda shamba. Maji yaliposhuka, migongo ikaanza kuonekana. Perege wapana, wazito, wa kushikwa kwa mikono miwili.

Kaka akatafuta kasoro, akaipata. Akasema ni wachache mno.

Mama akamuuliza, “Mwaka jana walikuwa wengi. Ulishiba?”

Akaweka koleo chini. Kwa kutaka kuonyesha kwamba hana kinyongo, akaingia kwenye tope na wavu kusaidia kukamata kambare, na wa kwanza kabisa akamchoma mwiba wa pezi kwenye kiganja. Wifi alimfunga kitambaa, akamrudishia wavu. Mama alisema bwawa libaki, akaomba achaguliwe perege wa kupeleka nyumbani, akaondoka.

Kifusi kaka alikihamisha mwenyewe, kwa toroli, mchana kweupe, majirani wakimpa pole ambazo hakuzihitaji. Mageti siku hizi anayasimamisha wima ukutani badala ya kuyalaza. Kumbe nafasi ilikuwapo, ila ilikuwa inaelekea juu.

Baada ya kujaza maji upya, wifi alitia perege kwanza. Kambare inabidi wangoje perege wakue kwanza, wasije wakawameza, na pa kungojea hapakuwepo, kwa hiyo vitoto vya kambare viko kwenye mapipa mawili ndani ya karakana ya kaka, chini ya meza ya mashine ya kusagia chuma. Kaka ndiye anayevilisha. Juzi alipiga hodi kwa wifi, uso umekunjamana.

“Shemeji, hawa watu wako wanakulana.”

“Watenge,” wifi akamjibu. “Wakubwa pipa moja, wadogo pipa jingine.”

Akarudi karakana, akavua miwani ya kuchomelea, akachukua chujio.