Gulio la Kliwon na Programu ya Bu Endah

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Bwana Wirya, au Pak Wirya kama tunavyosema Java, alipotangaza kwamba ghala lake la sukari guru litapata programu mpya, wafanyakazi wote walipiga makofi isipokuwa mama mmoja, Bu Endah. Ile ya zamani aliiandika yeye kwa lugha ya kompyuta iitwayo FoxPro, angali msichana, na tangu hapo ndiye aliyeitibu kila ilipougua. Ilikuwa na kioo cha bluu na maandishi meupe, na haikujua mtandao ni kitu gani. Lakini malori yalitoka kwa wakati na sukari ilifika sokoni.

"Bu, hiyo FoxPro hata walioizaa wameshaizika," Pak Wirya alimtania.

"Wamezika wao, Pak. Mimi sikualikwa mazishini."

"Haya, na wewe ukiondoka duniani, nani ataigusa?"

Swali hilo lilimuuma Bu Endah. Vijana wa mji wa Muntilan aliojaribu kuwafundisha walikitazama kile kioo cha bluu, wakacheka, wakaenda zao. Hakuogopa kukosa kazi. Aliogopa kwamba kitu alichokilea umri wake wote kitazikwa pamoja naye.

Mtaalamu aliyeletwa alikuwa Tiur, binti wa Kibatak kutoka Jakarta. Bu Endah alijiandaa kumchukia, ikamshinda. Binti alikula tempe ya soya ya kukaanga kwa pilipili mbichi kama mwenyeji, akauliza maswali mazuri, akasikiliza majibu. Wakakaa pamoja wakipitia kazi moja baada ya nyingine.

"Na lori la gulio la Kliwon linatoka lini, Bu?"

"Kesho, Jumanne."

Ilikuwa kweli tupu. Tiur akaandika Jumanne, wakaendelea.

Programu mpya ikawashwa, nzuri, yenye rangi za kuvutia. Jumanne iliyofuata dereva akapiga simu kutoka sokoni.

"Pak, niko hapa na kuku watatu na mlevi mmoja. Niwauzie nani sukari? Gulio lilikuwa juzi, Jumapili."

Kwetu Java magulio hayafuati siku saba za wiki. Tuna siku zetu tano, Kliwon ikiwa mojawapo, nazo huzunguka kivyake. Kliwon ikiwa Jumanne, ijayo itaangukia Jumapili. Kila mtoto anajua, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Ghala zima likamgeukia Bu Endah, likingoja acheke. Na alitamani kucheka, tusidanganyane. Kisha akamwona Tiur amesawijika, akaona haya.

"Kwa nini hukuniambia, Bu?" Tiur aliuliza taratibu.

"Mbak, dada yangu, wewe umewahi kumwambia mtu kwamba chai ni ya kunywa? Haikunijia kichwani. Kosa ni langu."

"Kosa la nani sijui," alisema Pak Wirya, uso umemwiva. "Irudisheni ya zamani, na huyu arudi kwao Jakarta."

Bu Endah alikuwa ameshinda. Angenyamaza tu, programu yake ingerudi kitini.

"Pak," alisema, "uliniuliza nani ataigusa nikiondoka. Sasa amepatikana mtu anayeuliza maswali, unamfukuza. Mwache. Ya zamani ihesabu siku za gulio, ya kwake ifanye yaliyobaki."

Pak Wirya alinung'unika weee, mwisho akaenda kutafuta chai. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Alasiri ile Bu Endah alimkalisha Tiur mbele ya kile kioo cha bluu, akamwambia aandike tarehe yake ya kuzaliwa. Programu ikajibu papo hapo: Alhamisi Pon.

"Hii nini, Bu?"

"Siku yako, ya wiki na ya gulio. Mtu mzima mzima, umeishi bila kuijua."

Tiur akacheka mpaka akafuta machozi. Bu Endah akangoja ainuke aende zake, kama walivyofanya wale wengine. Hakuinuka. Aliifungua programu ndani, mistari yenyewe, akasoma polepole, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Bu, mstari huu unafanya nini?"

Tangu aiandike, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Akavuta kiti.

"Sogea, Nduk," alisema, jina tunalowaita mabinti zetu wa kuwazaa.