Kizimba cha Chui

Kaswera alilisha nyani katika bustani ndogo ya wanyama ya Butembo. Mwaka ule wa vita, tajiri wake alitaka kuipanua: chui angetoka Mutwanga, kisha wangejenga bwawa la mamba. Kaswera alisimamisha miti ya kizimba cha chui kwa mikono yake. Nyuma aliacha mlango mdogo wa kumwokoa mlishaji, unaofunguka kwa vidole vya mtu, si kwa kucha, akaufunika kwa majani. Kisha akamngoja mgeni wake.

Waasi wakafika kabla ya chui. Komanda wao alikizunguka kizimba, akaitikisa miti, akacheka. Jioni aliwafungia humo vijana watatu wa mtaa, akatia kufuli yake mwenyewe.

Kaswera aliomba kuwapelekea bugali. Askari alisimama mgongoni pake na bunduki.

“Mukule,” akawaambia. “Na mulale kule nyuma, kwenye majani. Kule chui hapana kuniweza.”

Asubuhi kufuli ilikuwa inaning’inia palepale, nzima, na kizimba kitupu. Komanda alimshika Kaswera shingoni.

“Mama, ulijenga kizimba ya namna gani?”

“Ya chui, komanda. Hapana ya batu.”