Nyayo za Unga

Juzi, sokoni Nchelenge, mtoto alikanyaga unga wa muhogo uliomwagika, akaenda zake akiacha nyayo nyeupe nyuma yake. Nilishindwa kuzivuka.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, nyumbani kwetu nyuma ya duka la baba, kulinukia samli na iliki. Nje majirani walianika chisense, vile visamaki vya ziwani, na harufu yake iliingia bila hodi. Mama, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa amepiga magoti akichora nyayo ndogo kwa unga, kutoka mlangoni mpaka chumbani kwangu.

"Ni miguu ya nani, Mama?"

"Ya ule tunamungoja. Muache aingie, mutoto yangu."

Mdogo wangu Mina alikuwa amekufa kabla ya mvua za mwaka ule, na chumba kile tulikuwa tukilala wawili. Niliogopa. Mama alipokwenda jikoni nililowesha kitambaa, nikaanza kuzifuta kuanzia pale kitandani. Akanikuta. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Alichota unga tena, akazichora upya polepole.

Siku hizi ninajua kwamba nyayo zile huchorwa kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa baraka. Nimeziona kwenye nyumba nyingi za Wahindi wenzetu, na kila mguu una vidole vitano.

Mina alizaliwa na vidole vinne mguu wa kushoto. Mama alichora vinne.