Ikulu ya Itiryo na Mlango wa Kumkimbia Mkwe

Wageni ndio walionitia safarini. Mimi ni mwongoza watalii katika hoteli moja karibu na geti la Ikoma la kuingilia mbugani, na wageni wetu wakishachoka kutazama simba waliolala huanza kuuliza kama huku kwetu kulikuwa na wafalme. Meneja akasikia kwamba kule Itiryo, wilaya ya Tarime, ipo nyumba ya mtemi wa enzi za wakoloni, watu wanaiita ikulu, na ina bustani. Akanituma nikaione kama inafaa kupelekea watu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa kuwa Itiryo ndiko anakotoka Bhoke, mchumba wangu.

Bhoke, ambaye ni nesi Mugumu, hakufurahi hata kidogo. Wajomba zangu walikuwa wameshapeleka posa, na Jumamosi iliyofuata wazee wa kwao wangekaa kutoa jibu.

"Nenda ikulu, rudi," aliniambia. "Nyumbani usisogee. Ukikutana na mama kabla ya jibu, umejiharibia mwenyewe."

Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Wakurya wana ensoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe: hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Na sisi Waikoma tunaijua vizuri. Niliapa kwamba mama yake sitamkaribia hata kwa bahati mbaya.

Alfajiri niliwasha pikipiki yangu nyumbani Manchira. Bwawa la hapo lilikuwa limefunikwa na ukungu na ng'ombe wa watu walikuwa wameshaanza kugombea maji. Mugumu nilisimama kwa chai na chapati mbili, moja ya njaa na moja ya tahadhari. Baada ya hapo ni vumbi mpaka mto Mara, ambako viboko walinitazama nikivuka daraja kama watu wenye eneo lao.

Ng'ambo ya mto njia inapanda. Migomba ikaanza, baridi ikaanza, nikavaa koti. Kwenye njia panda moja nilimkuta mzee anauza viatu vya matairi, nikamwamkia na kumuuliza ikulu iko wapi.

"Ikulu? Ya Rais?"

"Ya mtemi, mzee."

"Aa! Huyo mtemi alitafutwa na Mzungu, maana Mzungu alikosa mtu wa kumkusanyia kodi. Sisi Wakurya hatuna mfalme, mura. Kila mwanaume ni mfalme kwake, mpaka mke wake akohoe." Akanyoosha mkono. "Pandisha pale kwenye miti mirefu."

Nilifika kabla jua halijawa kali. Niseme kweli, kama ikulu ilikuwa na fahari, ilikuwa imeivua ikaitundika mahali. Ni nyumba ya mawe yenye bati jekundu, baraza pana mbele na ua wa minyaa kuizunguka. Lakini bustani! Kulikuwa na mistari ya waridi iliyopandwa zamani, na katikati ya mistari, ulezi. Mama mmoja mwenye buti za mpira alikuwa akipalilia.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Karibu. Mzee wa funguo ameenda msibani, leo mimi ndiye serikali."

Nikafanya kama ninavyofanya hotelini: nikanyoosha mikono yote miwili na tabasamu. Akajifuta udongo, akanipa mkono wake.

Nilimpenda mama yule tangu neno la kwanza. Alinionyesha mipera ya mtemi, mibuni yake, na kisima ambacho hakuruhusiwa mtu kuchota mpaka farasi wa Bwana DC anywe. Nikamuuliza kuhusu ulezi.

"Waridi haliliki," alisema. "Nimeliwekea jirani wa maana."

Aliposikia natoka Ikoma, akauliza kama nimewahi kufika huku. Hapa ndipo mdomo ulipoponza kichwa.

"Bado, lakini karibuni nitakuwa mtu wa hapa. Naoa hapahapa Itiryo."

"Eeh! Kwa nani?"

"Kwao sipajui. Nasikia tu mama mkwe ni mkali. Wanasema hata mbwa wake hubweka kwa ruhusa."

Mama akacheka mpaka akaegemea jembe. Mimi, nikiona kazi yangu inapendwa, nikacheka pia.

"Na huyo mchumba anaitwa nani?"

"Bhoke. Ni nesi Mugumu."

Kicheko kikakatika. Jembe likaanguka. Mama alivuta khanga akajifunika uso, akazunguka nyumba kwa mbio ambazo nimezoea kuziona kwa swala tu.

"Mama! Kuna nini?"

"Usije huku!" sauti ilitoka nyuma ya nyumba. "Mimi ndiye mama yake Bhoke!"

Nilikaa chini palepale kwenye ulezi. Niliogopa, sifichi. Bhoke aliwahi kuniambia mama yake analima. Hakusema analima kwa mtemi. Sasa nilikuwa nimemshika mkono, nimemtazama usoni, na nimemsema mbele yake. Nilimwona Bhoke wangu akiondoka na Jumamosi yake.

Mara sauti ikatoka dirishani. "Wewe! Umetoka Ikoma kote huko, utaondoka hujaona ndani? Ingia kwa mbele. Mimi niko chumba cha nyuma."

Nikaingia kwa adabu zote.

"Kushoto kwako kuna kiti cha mtemi. Umekiona?"

"Nimekiona, mama."

"Usinijibu mimi. Jibu ukuta."

"Nimekiona, ukuta."

Nilisikia ukuta ukizuia kicheko. Ukaendelea kunieleza ngozi ya kiti, picha, na sakafu nyekundu iliyosuguliwa na wake wa mtemi. Kisha ukasema, "Huku niliko kuna mlango mdogo wa nyuma. Wageni wote huuliza ni wa nini. Mtemi alikuwa na mabinti wengi, wakwe hawakuisha hapa barazani. Wake zake wakawa wanakwama vyumbani, chakula kinaungua jikoni. Ndipo akatoboa mlango, mama mkwe apate pa kukimbilia. Sasa mimi natokea mlango huo. Ukisikia umefungwa, ingia chumba hiki."

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Miaka yote ninaongoza wageni, sijawahi kuonyesha kitu vizuri hivyo.

Wakati wa kuondoka nilisimama getini nikauelekea ua wa minyaa aliojificha nyuma yake. "Mama, nimekushika mkono. Na maneno yale niliyosema... Jumamosi itakuwaje?"

Minyaa ikajibu. "Leo nimempokea mtalii. Watalii hushika kila kitu na husema chochote. Mkwe wangu mimi sijamwona bado. Haya, pita njia ya juu, ya chini inapita kwangu."

Jioni nilifika Mugumu nikiwa mwekundu kwa vumbi. Meneja nilimpa jibu kwa simu: ikulu inafaa, ila mgeni atangulize masikio, mikono ifuate ikiitwa. Somo hilo nilikuwa nikilihubiri kwa wengine miaka yote.

Bhoke alinikuta nanawa uso. Alikuwa ameshika simu.

"Mama amepiga. Anasema leo kaja mtalii mmoja, ana mdomo huyo!"

Nikaacha kunawa. "Akasema nini tena?"

"Kasema angekuwa na binti wa pili, angemuoza huyo mtalii."